Magodoro ya Saa Sita

Mtu aliyekuja kukodi magodoro alivaa shati la maua kama anayekwenda Mombasa, lakini viatu vyake vilikuwa vya kazini: vyeusi, vizito, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Khalayi aliviangalia viatu kwanza, kisha macho yakapanda polepole hadi usoni. Uso huo alikuwa akiuona kila wiki. Ulikuwa uso wa Sajenti Nzuki, askari jela wa rumande ya Matofali, yule anayesimama kwenye chumba cha wageni akigonga ukuta kwa rungu na kusema, "Muda umeisha, wengine waje." Yeye hakumtambua Khalayi. Wanawake wanaopanga foleni pale ni wengi, na askari aliyechoka huona foleni, haoni watu.

"Habari ya kazi, mama. Nimeambiwa hapa Mowlem wewe ndiye Mama Hema."

"Ndiye mimi. Karibu. Unataka hema?"

"Hapana. Magodoro. Sitini. Tuna… tuna mkutano wa maombi."

"Wa kanisa gani?"

Nzuki alitazama juu, kwenye dari ya stoo, kana kwamba jina la kanisa limetundikwa kati ya masufuria. "La kiroho," akasema.

"Yaje lini?"

"Kesho jioni. Alhamisi tunayarudisha. Yawe masafi, mama, yasiwe na madoa. Kuna mgeni mkubwa anakuja kuyaona."

"Mgeni anakuja kuona magodoro?"

"Kuona waumini."

Khalayi aliinama akajifanya anapanga viti, ili asionekane uso. Alhamisi. Wakili Gordon alikuwa amemwambia habari za Alhamisi. Mahabusu wa Matofali walikuwa wamepeleka ombi Mahakama Kuu, wakisema kwamba Katiba haikuwanyima haki nyingine ila ile ya kutoka langoni, na kwamba wanalala kwenye simenti tupu. Jina la kwanza katika ombi hilo lilikuwa la mume wake, Patrobas. Gereza lilijibu kwa kiapo kwamba kila mahabusu ana godoro lake. Jaji Ladan alisoma huku, akasoma huku, akafunga faili na kusema, "Nitakuja nione." Siku aliyotaja ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Patrobas alikuwa ndani kwa sababu ya viti. Baada ya harusi moja kule Tassia alikusanya viti vya bluu gizani, akapakia pamoja na vyake viti vya bluu vya Muasya wa mtaa wa Umoja, ambaye naye hukodisha hema na viti. Muasya hakuja kuuliza. Alikwenda polisi. Kesi ikaanza kuahirishwa, na dhamana iliyowekwa ilikuwa ya mtu aliyeiba benki.

Sasa Khalayi alipima. Akikataa, Nzuki atavuka barabara aende kwa Muasya, na magodoro yatafika gerezani vilevile. Akikubali, mume wake ataonekana mwongo mbele ya jaji, kwa magodoro ya mke wake mwenyewe. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo aliona haya hata kulifikiria: kati ya magodoro sitini, moja lingeingia chini ya mbavu za Patrobas. Hata kama ni usiku mmoja.

"Nina sharti," alisema, akaonyesha ubao ukutani. Ubao uliandikwa kwa rangi nyekundu: SAA SITA NI SAA SITA. "Alhamisi saa sita mchana yawe hapa. Yanakwenda Lucky Summer, kuna kongamano la akina mama wa kanisa."

"Saa tano tutakuwa tumemaliza."

"Usipoyaleta, nakuja kuyachukua mwenyewe."

Nzuki alicheka. "Njoo tu, mama. Kwetu kuingia si kazi. Kazi ni kutoka." Kisha akakumbuka kwamba yeye ni kanisa, akakohoa, akatoa malipo ya awali.

Alipoondoka, Khalayi alihesabu magodoro. Yalikuwa hamsini na tisa. La sitini liliungua kwa mshumaa kwenye matanga, na hakuwa amenunua lingine.

"Mathe, wape hizo fifty-nine," alisema Kimani, dereva wa kanta yake ya kubebea mizigo, aliyekuwa ameegemea mlango akila mahindi. "Nani atahesabu?"

"Nilisema sitini."

"Basi utatoa wapi?"

Khalayi alipanda ngazi hadi chumbani kwake, akavua shuka kitandani, na kuliteremsha godoro lake mwenyewe. Lilikuwa na bonde upande wa kulia, mahali Patrobas alipolala tangu walipooana, na kwenye pembe moja kiraka cha kitenge cha manjano.

*

Asubuhi ya Jumatano alikwenda Matofali na nia moja, kumwambia mume wake.

Chumba cha wageni kiligawanywa na nyavu mbili za waya, na katikati ya nyavu kulikuwa na nafasi ya hatua moja, kwa hiyo kila mtu alilazimika kupaza sauti, na kila mtu alijua mambo ya nyumba ya kila mtu. Bibi mmoja alikuwa akieleza kwa kelele kwamba ng'ombe amezaa jike, na mahabusu watatu wasiomjua kabisa walikuwa wakimpongeza.

Patrobas alikuwa amekonda, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Umekula?" Khalayi aliuliza.

"Nimekula. Maharagwe mawili. Yalikuwa hayajaonana siku nyingi, nikayaacha yasalimiane kwanza."

"Na kifua?"

"Kifua kimezoea simenti. Tunalala kwa ubavu, wote upande mmoja, kama mkate wa dukani. Nyapara akipiga makofi, tunageuka. Asipopiga, huwezi kugeuka peke yako, utaumiza watu. Juzi nyapara mwenyewe alilala fofofo. Tuliamka wote tumepinda upande mmoja."

Jirani yake wa kushoto alicheka, akaonyesha shingo yake kama ushahidi.

"Lakini kesho jaji anakuja," Patrobas aliendelea. "Nimejiandaa. Maneno manne tu: 'Mheshimiwa, hapa hatuna magodoro.' Mengine atasema wakili. Nimeyakariri mpaka wenzangu wanasema nayatamka usingizini."

Khalayi alishika wavu. "Baba Sitati, sikiliza. Hayo magodoro—"

Rungu liligonga ukuta. "Muda umeisha! Wengine waje!"

Sajenti Nzuki alikuwa amesimama karibu naye, akiwa na sare kamili. Alimtazama Khalayi, akatazama ng'ambo ya wavu, akamtazama Khalayi tena. Rungu likashuka.

"Ala," akasema. "Mama, hebu njoo huku."

Walisimama kando ya mfereji, mahali wageni walipooshea mikono.

"Wewe ni Mama Hema."

"Na wewe ni kanisa la kiroho."

Nzuki alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. "Yule ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Patrobas? Yule wa kwanza kwenye ombi?"

"Huyo huyo."

"Nairobi yote hii," alisema Nzuki kwa huzuni, "nikaja kukodi kwako."

"Kwa nini hamkununua tu?"

"Tuliomba, mama. Mwaka juzi tuliomba, mwaka jana tukaomba. Wanatuambia pesa iko njiani. Sasa jaji naye yuko njiani, na ni yeye atafika kwanza." Alipunguza sauti. "Unaziona zile nyumba za mabati? Mimi naishi pale, chumba kimoja, na familia ya askari mwenzangu. Katikati tumetundika shuka. Yeye akikohoa, mke wangu ndiye anayeamka. Hakuna jaji aliyekuja kuitazama hiyo shuka. Simlaumu mume wako. Lakini nimetumwa, na nina watoto."

"Mume wangu ataonekana mwongo."

"Ataonekana amelala vizuri. Hilo nalo si baya." Nzuki aliangalia chini, kwenye viatu vyake. "Lakini nikuambie, mama. Maneno haya yakitoka, kuna wakubwa hapa ambao si wapole kama mimi. Na yeye yuko ndani."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mvua itanyesha, na hilo ndilo lililomtia Khalayi hofu.

Njiani kurudi alishika simu mara mbili ampigie Wakili Gordon, na mara mbili akairudisha mkobani. Wakili alikuwa kijana mwema, alikuwa akiwatetea bila malipo, lakini hakujua kutunza siri. Ukimwambia jambo saa nne, saa tano limepigwa chapa nakala tatu.

Jioni Kimani alirudisha kanta kinyumenyume hadi langoni. Askari wakapokea magodoro moja baada ya jingine, haraka haraka, kama wanaohamisha vitu vya nyumba inayoungua. La mwisho lilikuwa lile lenye kiraka cha manjano. Khalayi aliliangalia mpaka lango likafungwa. Usiku huo alilalia mkeka.

*

Alhamisi saa tano simu ililia. Ilikuwa sauti ya Nzuki, ikinong'ona.

"Mama, jaji hajafika. Lori limeanguka Jogoo Road, magari yamekwama yote. Tuongezee mpaka saa nane. Nitalipa mara mbili. Mara mbili, mama!"

"Nitakupigia," alisema Khalayi.

Hakuwa amejua atampigia kumwambia nini, alipoona kivuli kimeziba mlango wa stoo. Kilikuwa cha Everline, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kule Lucky Summer. Alikuwa mwenyekiti kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kugombea naye. Alivaa gauni jeupe la chama na kitambaa cha bluu kichwani, na nyuma yake walisimama akina mama watatu waliovaa vivyo hivyo.

"Khalayi, magodoro yangu yako wapi? Basi limeshapita Naivasha. Akina mama wa Busia wamekaa wima tangu alfajiri, miguu imewavimba kama mihogo."

"Yako gerezani, Mwenyekiti."

"Yamefanya nini?"

Basi Khalayi alikaa juu ya sufuria la pilau lililopinduliwa, akaeleza yote: ombi, jaji, shati la maua, maneno ya mferejini. Everline alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo akina mama wale watatu hawakuwa wamewahi kuliona, wakawa wanatazamana.

"Kwa hiyo," alisema Everline mwishoni, "ukingoja, mume wako ni mwongo, na wageni wangu watakaa nje wakitazama basi."

"Ndiyo."

"Na ukienda?"

"Nikienda, yeye anabaki mle ndani na wao."

Everline alikaza kitambaa chake. "Hapo sitakuamulia mimi, mumeo ni wako. Ila nikuambie kitu kimoja. Tulipomzika mama yangu ulikuja kung'oa hema kabla mchungaji hajamaliza kuomba. Tulisema 'Amina' tukiwa juani. Siku ile nilikuchukia, Khalayi, nilikuchukia kwa moyo wote, na nilitubu Jumapili. Lakini nimerudi kwako kila mwaka, maana unalosema ndilo unalofanya. Patrobas naye nasikia ndivyo alivyo."

Khalayi aliinua macho kwenye ubao. Ni Patrobas aliyeuandika. Alianza kwa herufi kubwa mno, nafasi ikamwishia, na ile SITA ya mwisho ilibanwa kwenye ukingo mpaka ikawa ndogo kama sisimizi. Aliuliza kama aandike upya, na Khalayi akamwambia wacha, unasomeka.

Alibonyeza simu. "Sajenti," alisema, "saa sita ni saa sita." Akakata. "Kimani! Washa gari."

"Mathe," alisema Kimani, "tunaenda kutoa vitu jela? Hiyo sijawahi kufanya."

"Washa gari."

*

Askari wa langoni alikuwa kijana mgeni. Aliona kanta, akaona nyuma yake akina mama wamesimama kwa magauni meupe na vitambaa vya bluu, akapumua kwa nafuu.

"Nyinyi ndio kwaya ya kumkaribisha jaji?"

Everline hakuwa amewahi kusema uongo akiwa na sare ya chama, na hakutaka kuanzia hapo. "Tumekuja kwa kazi ya akina mama," alisema.

"Mmechelewa! Jaji ameshaingia. Haraka!" Akafungua milango yote miwili.

Bweni lilikuwa refu, na dirisha moja juu kama la choo. Magodoro sitini yalitandikwa yakabanana mpaka kingo zimepandana. Mahabusu walisimama ukutani kwa sare zilizofuliwa asubuhi hiyo, nyingine bado zinadondosha maji. Katikati alikuwa Jaji Ladan, mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu vya chini, pamoja na karani wake. Wakili Gordon alikuwa kando, jasho limepita shati likafika koti. Mkuu wa gereza alishika kifimbo chake chini ya kwapa, uso umejaa furaha ya mtu ambaye mambo yamemwendea.

Mtu mmoja tu hakusimama. Patrobas alikuwa amelala pembeni, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi, akikoroma kwa utulivu.

"Na huyu, Mheshimiwa Jaji," Mkuu alikuwa akisema, "ndiye mlalamishi wa kwanza. Ndiye aliyeapa kwamba hapa hakuna godoro."

Patrobas alikoroma.

"Kama unavyosikia mwenyewe," akaongeza Mkuu.

"Mheshimiwa," alisema Gordon, "huenda mteja wangu ni mgonjwa."

"Ugonjwa wa kulala pazuri," alisema Mkuu.

"Mwamsheni," alisema Jaji.

Sajenti Nzuki aliinama akamtikisa. Kukoroma kulibadilisha sauti tu, kukapanda juu kidogo, kama gari lililopata mlima. Akamtikisa tena. Jaji Ladan aliandika kitu. Gordon alifumba macho.

"Hodi humu!" ilisema sauti ya Everline mlangoni.

Wote waligeuka. Mkuu alitabasamu, akainua kifimbo. "Kwaya isubiri nje. Mtaimba baadaye."

"Sisi si kwaya," alisema Everline. "Tumekuja kuchukua magodoro." Akamsukuma Khalayi mbele.

Khalayi aliona uso wa Nzuki ukibadilika, ukawa kama unga. Aliona kifimbo cha Mkuu. Kisha alimwona Patrobas, na akaona godoro alilokuwa amelalia. Kiraka cha manjano kilikuwa kando ya kichwa chake.

"Wewe ni nani, mama?" aliuliza Jaji.

"Mimi ni Khalayi, Mheshimiwa. Ni mwenye magodoro."

"Magodoro gani?"

"Haya. Samahani kuwaingilia. Ninakodisha hema, viti, masufuria na magodoro. Kule Mowlem."

Jaji alivuta miwani chini kidogo. "Na haya yalikodiwa lini?"

"Yaliletwa jana jioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka saa sita, Mheshimiwa."

Jaji Ladan alitazama saa yake. "Sasa ni saa sita na robo."

"Ndiyo," alisema Khalayi. "Ndiyo maana nimekuja."

Patrobas alikoroma tena. Mkuu alihamisha kifimbo hadi kwapa la pili.

"Ni nani aliyekuja kukodi kwako?" aliuliza Jaji.

Khalayi hakumtazama Nzuki, lakini alikumbuka ile shuka. "Ni mtu aliyetumwa, Mheshimiwa. Alizungumza kwa heshima na alilipa ya awali. Ningependa aulizwe aliyemtuma."

Jaji alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Mkuu kwa muda mrefu zaidi. "Mahakama hii haizuii mali ya mtu," alisema. "Chukueni."

Akina mama walijifunga leso viunoni. Mahabusu wenyewe walikuja kusaidia, na mmoja alilikumbatia godoro lake mpaka mlangoni kama anayemsindikiza mgeni. Kimani alipokea, akapanga garini. Na kadiri magodoro yalivyoondoka, ndivyo sakafu ilivyotokea. Ilikuwa simenti nyeusi, yenye unyevu, na juu yake ilichorwa mistari kwa msumari, mstari kando ya mstari, kila nafasi na jina lake. Jaji Ladan alisogea, akaweka viatu vyake viwili ndani ya nafasi moja. Vilitosha. Cha tatu kisingepata mahali.

"Mnalalaje hapa?" aliuliza.

Nyapara, mzee mwenye kibarakashia, alimtazama Mkuu, akatazama sakafu, akapiga makofi mara moja. Mahabusu walilala chini, kila mmoja kwenye mistari yake, kwa ubavu, magoti ndani ya magoti. Akapiga tena. Wote waligeuka pamoja, kwa sauti moja ya nguo na mifupa. Hata Kimani, aliyecheka kila kitu tangu azaliwe, hakucheka. Jaji alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Karani aliandika bila kuinua kichwa.

"Limebaki moja," alisema Everline kwa sauti ya chini.

Patrobas alikuwa bado kwenye godoro lake, peke yake katikati ya simenti tupu. Nzuki alisogea kumtikisa, lakini Khalayi alimzuia kwa mkono. Alichuchumaa, akasema karibu na sikio la mume wake, kwa sauti ile ile aliyoitumia alfajiri zote za Mowlem mifereji inapofunguliwa baada ya wiki nzima ya ukame:

"Baba Sitati. Maji yamekuja."

Patrobas aliruka akasimama, mikono ikitafuta mtungi. Mahabusu watano au sita wa mitaa ile ile ya Eastlands nao waliinuka nusu kabla ya kujikumbuka. Aliona miwani, aliona karani, aliona sakafu tupu, na maneno yaliyokuwa tayari yakatoka yenyewe, kwa sauti kubwa, kifua mbele:

"Mheshimiwa! Hapa hatuna magodoro!"

Alisema hayo akiwa amesimama juu ya godoro. Kicheko kilianzia kwa nyapara, kikazunguka bweni lote, kikampata mpaka karani. Midomo ya Jaji Ladan ilipambana na kitu fulani, ikashinda kwa taabu.

"Naona," alisema.

Patrobas aliangalia miguuni, kisha akamwona mke wake. "Khalayi? Basi ni kweli. Usiku niligusa hiki kiraka nikadhani naota. Lilikuwa la mwenzangu, nikampa ugali wangu wote anibadilishie. Nililala kwenye bonde langu, Khalayi. Sikugeuzwa na mtu."

"Hili nalo ni la kukodisha?" aliuliza Jaji.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Khalayi. "Hili ni la kitanda chetu. Yalipungua moja, na mimi nilikuwa nimesema sitini."

"Wewe ulilalia nini?"

"Mkeka."

Mkuu aliinua kifimbo. "Kwa mujibu wa kanuni, Mheshimiwa, mali binafsi ya mahabusu hairuhusiwi—"

"Karani, andika," alisema Jaji. "Godoro hili ni kielelezo cha kwanza. Lisiondolewe lilipo, lisikunjwe, lisiguswe na afisa yeyote, mpaka mahakama itakapoamua. Litatunzwa na mlalamishi wa kwanza."

"Atalitunza kwa namna gani, Mheshimiwa?" aliuliza Gordon, aliyependa mambo yawe wazi.

"Kwa kulilalia. Na mlalamishi mwenyewe ataletwa mbele yangu kila Jumatatu asubuhi. Nitamtazama mwilini kabla sijasikia neno la mtu." Alimgeukia Mkuu. "Nitarudi hapa, Bwana Mkuu. Sitakuambia siku."

*

Nje, Sajenti Nzuki ndiye aliyefunga kamba za kanta. Alifunga vizuri, fundo juu ya fundo.

"Nimekwisha, mama," alisema.

"Sikukutaja."

"Najua. Nilijitaja mwenyewe. Ameniuliza naishi wapi, nikamwambia." Alitazama nyumba za mabati, bado haamini. "Sasa anataka kwenda kuiona ile shuka. Mke wangu hajafagia."

"Mpigie simu basi," alisema Everline kutoka juu ya kanta. "Unasimama hapa unangoja nini? Na hilo salio la magodoro usilisahau."

Nzuki alikimbia, viatu vikigonga changarawe. Simu ya Everline ililia; basi la Busia lilikuwa limefika, na akina mama walikuwa wakiuliza watalala wapi. Everline aliwaambia wangoje magodoro, yametoka kwa jaji.

Kimani alihesabu kwa kidole kutoka nyuma hadi mbele, kama kawaida. "Mathe, ziko fifty-nine. Moja imebaki ndani." Alimtazama kwa jicho la upande. "Si saa sita ni saa sita?"

Khalayi alipanda kando yake, akafunga mlango, akajipangusa vumbi la simenti magotini.

"Hilo liache," alisema. "Litarudi na mwenyewe."